Siku Dada Yangu Alipoitwa Mamluki

Mtu akiniambia michezo ya shule za msingi ni ya kuwachangamsha watoto, namwangalia tu. Mimi nimemwona dada yangu akivuliwa uanafunzi mchana kweupe, katikati ya mechi ya mpira wa pete, na watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kwa hiyo hayo ya kuchangamka nawaachia wenyewe.

Kwetu mtoto wa kwanza ni wa bibi. Haulizwi mtu. Akishaacha ziwa anafungiwa vinguo vyake kwenye kanga, anapelekwa Kisarawe kwa bibi mzaa baba akamwondolee upweke, na akipata nguvu kidogo amtekee maji na kumkokea moto. Dada yangu alikuwa wa kwanza, akaenda. Mimi wa pili nikabaki Kibaha na baba na mama, nikawa mtoto wa mjini, nadeka na kununuliwa barafu. Alinizidi miaka mitatu, na mpaka nafika darasa la nne nilimjua kwa Idi tu: tunakwenda, tunakula pilau, ananibeba mgongoni kunizungusha kwenye mikorosho, jioni sisi tunaondoka na yeye anabaki. Nilidhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Shule aliandikishwa kulekule, amechelewa miaka mitatu, ila kuandikishwa na kusoma ni vitu viwili. Bibi akiumwa magoti, haendi. Korosho zikianza kudondoka, haendi. Njia ikijaa maji, haendi, na hapo ni wiki nzima. Mwaka ukiisha wenzake wanapanda darasa naye anapandishwa nao, maana jina lipo. Kisha shangazi yetu akaachika, akarudi kwa bibi, na bibi akawa amepata wa kukaa naye. Baba akaona sasa amchukue mwanawe. Akaja naye na uhamisho wa darasa la nne, na darasa la nne nilikuwemo mimi.

Hee, siku ile ya kwanza! Mrefu kuliko mwalimu wetu wa Hesabu, sketi ya kuazima, na anaongea kama bibi, kila mtu anamwita "mwanangu". Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: kabla ya kengele ya mapumziko walishampa jina, Mama Mzazi. Mimi nina hasira za karibu mpaka leo, na siku hiyo nilimparura mvulana mmoja shavu lote, nikachapwa mbele ya paredi. Dada aliniambia jioni, "Waache, mdogo wangu. Mdomo ni mali yao." Yeye hakuwa mtu wa ugomvi kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulikaa dawati moja. Darasa lilijaa hadi wengine wakakaa chini ya ubao, na mwalimu wa Kiswahili, masikini, alifundisha kwa njia iliyowezekana: anasoma sentensi, sisi tunaitikia wote kwa pamoja, anasoma nyingine, tunaitikia. Ukipita nje ungedhani ni kwaya. Dada yangu alikuwa na kichwa cha kushika maneno. Amelelewa na hadithi za bibi, akisikia jambo mara mbili limekaa. Akiinuliwa peke yake anasimama na kitabu, anaimwaga habari nzima bila kukwama, na sauti anaipandisha na kuishusha panapostahili. Na mwandiko wake sasa! Alikuwa ananakili ubaoni herufi moja moja, kwa utulivu, hadi mwalimu akawa anaizungusha kazi yake darasani. "Angalieni mwandiko wa huyu, ninyi mnaoandika kama kuku wanaparua."

Siku moja aliinuliwa asome habari ya sungura na kisima. Akasoma vizuri, na madoido juu. Nikachungulia kitabu alichoshika. Kilikuwa kimefunguka ukurasa wa sokoni, kuna picha ya mwanamke anauza nyanya. Nikaanza kucheka. Halafu nikamtazama usoni, nikaacha.

Nyumbani tulikuwa tunaosha vyombo nyuma ya jiko. Nikamuuliza, "Dada, kusoma hujui?"

Alisugua sufuria kwa nguvu. "Nayaona yote yanafanana, mdogo wangu. Kama siafu tu wanapita. Ukimwambia mtu mie nitakufa."

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mwalimu angemrudisha darasa la kwanza akakae na watoto wa kunyonya vidole, mwanamwali mzima vile, na nakuhakikishia angerudi Kisarawe siku hiyohiyo kwa miguu. Tukaanza wenyewe. Sisi tulipikia kuni, sufuria zilirudi na masizi meusi tii, nami nikawa naandika kwa ukucha kwenye masizi: ba, be, bi. Yeye anasoma, akipatia anasugua, akikosea hatusugui. Mama alikuwa anapiga kelele ndani, hizo sufuria mnazisugua au mnazizika? Tulicheka sana miezi ile. Nilikuwa sijawahi kuwa na dada wa kila siku.

Ilikwenda polepole, sitaki kudanganya. Kichwa kilichozoea kushika kwa sikio kilikuwa kinamkimbilia mbele: akiona herufi ya kwanza anabuni neno zima. Lakini tulipoingia darasa la sita alikuwa anasoma maneno mafupi, na marefu akiyakata vipande. Alikuwa anaacha kupumua mpaka neno liishe. Akilimaliza anashusha pumzi na kunitazama, kama mtu aliyevuka barabara kuu.

Uwanjani sasa, we acha tu. Huko hakuna aliyemwita Mama Mzazi. Tulianza asubuhi na mchakamchaka, naye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na ikifika jioni mwalimu wa michezo anampigia filimbi. Alimweka mfungaji. Ukimrushia mpira juu huna wasiwasi, mikono yake itaukuta hukohuko, na akishautuliza chini ya pete anapinda magoti kidogo, anausukuma kwa vidole, unapita katikati bila kugusa chuma. Wasichana wa shule nyingine walikuwa wanakuja kumtazama akifanya mazoezi. Nilikuwa najivuna njia nzima kurudi nyumbani, na mpira sikuujua hata kidogo.

Kisha shangazi akaolewa tena. Bibi akabaki peke yake na magoti yake, na nyumbani yakaanza maneno ya chini chini: huyu mkubwa arudi. Baba alikuwa mlinzi kwenye kiwanda kimoja huko Zegereni, mtu wa kimya, si mkatili. Alisema tu, "Kama shule ingekuwa inampeleka mahali, ningetafuta njia nyingine kwa mama yangu. Sasa inampeleka wapi?"

Mwalimu wa michezo akasikia. Akaja nyumbani mwenyewe na bodaboda, kijana, hata ndevu hazijamkaa sawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu."

"Mzee, niachie huyu binti. Akicheza vizuri wilayani anachukuliwa timu ya mkoa, na akifika mkoa kuna sekondari wanawatafuta hawa. Anapata nafasi, anakaa bwenini. Nakuomba."

Baba alifikiri, akasema, "Nitangoja mashindano. Wakimchukua, asome. Wasipomchukua, bibi yake anamhitaji." Dada alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani, na alisikia kila neno. Hakuitua ndoo mpaka mwalimu alipoondoka.

Hapa lazima niwaeleze habari ya mamluki, maana asiyejua atadhani nazungumzia vita. Mamluki ni mchezaji wa kuazima. Shule inataka kikombe, inakwenda kumtafuta mtu wa sekondari, inamvalisha sare ya msingi, inamfundisha wimbo wa shule na majina ya walimu, anaingia kucheza na watoto. Kila shule inafanya, na kila shule inalalamika ikifanyiwa. Nasi tulikuwa naye. Alikuwa msichana wa kidato cha pili, kafupi, kana uso wa mtoto asiyewahi kudokoa hata sukari, anacheza katikati. Mwalimu mkuu alimjua. Sote tulimjua, tulimwita Mgeni, na alikuwa anatusaidia hesabu za sehemu wakati wa mapumziko.

Fainali ya wilaya ilichezwa Kibaha, kwenye uwanja wa shule nyingine. Sisi na shule ya upande wa Mlandizi. Mpaka mapumziko dada alishafunga hadi mashabiki wao wakaacha kuimba. Nikamwona mwalimu wao wa michezo, mama mnene na filimbi shingoni, anavuka uwanja kwenda meza ya waamuzi. Anapinga. Shule yetu ina mamluki wawili, anasema: yule mdogo wa katikati, na lile jimama linalofunga.

Wakawapeleka barazani kwenye madarasa. Utaratibu ulikuwa hivyo, mamluki anahojiwa hadharani, na umati wote ukahamia huko. Nilipenya hadi mbele. Alikuwepo mwalimu wetu mkuu, na afisa elimu wa kata amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu ameipishanisha.

Akaanza Mgeni. Mwalimu mkuu wako nani? Akamtaja. Imba wimbo wa shule. Akaimba. Wakaleta kitabu kutoka ofisi ya wenyeji, cha darasa la tatu, hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Soma. Akasoma kama mtangazaji wa redio. Wakamwambia nenda kacheze, wewe ni mwanafunzi halali. Kidato cha pili, jamani! Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Akaja dada. Majina ya walimu aliyataja yote, na mpishi wa uji akamwongeza. Wimbo wa shule aliuimba vizuri kuliko Mgeni. Kiranja wa darasa lenu nani? Akamtaja. Unakaa na nani dawatini? Akaninyooshea kidole, akatabasamu. Nikapunga mkono kama mjinga.

"Haya, soma."

Kitabu kilikuwa kigeni. Hakuna wa kuitikia naye, hakuna wa kumtangulia. Nilimwona anavuta pumzi, akaweka kidole chini ya mstari.

"Si-ku... mo-ja..."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Yeye akaendelea. "M-ku... mku-li-ma..." Sasa wengi wanacheka. Mwanamume mmoja anapiga kelele, "Mpeni maji, anazaa!" Nyimbo zikaanza: mamluki, mamluki! Yeye hajainua kichwa. Alikuwa ameacha kupumua, kama kawaida yake, na mimi pale mbele nami nimeacha. "A-li-kwe-nda... sha... sha-mba-ni." Nukta.

Akashusha pumzi. Akainua uso, akanitafuta, akanipata, na alikuwa anatabasamu meno yote. Wallahi naapa, kelele zile alikuwa hazisikii. Dada yangu alikuwa amesoma sentensi nzima ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsomea. Alidhani amefaulu.

Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Mwalimu wa Mlandizi alimchukulia kitabu mkononi, akakifunga. "Haya, mmesikia wenyewe. Darasa la sita gani hili? Huyu mmemchukua shambani mkamvalisha sare." Afisa elimu akamgeukia mwalimu wetu mkuu. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu mkuu, huyu ni mwanafunzi wako?"

Nimekuwa mtu mzima, nimefanya kazi na wakubwa, nimeona wanavyopima maneno, na sasa naelewa alichokuwa anakipima. Akisema ndiyo, basi mbele ya mkubwa wake shule yake ina mtoto wa darasa la sita asomaye vile, miaka mitatu mikononi mwake, na hakuna aliyejua. Akisema hapana, basi ameazima mchezaji tu, kosa la kila mtu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Alimtazama dada yangu, aliyemwamkia kila asubuhi, aliyekuwa anambebea mkoba kutoka langoni.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Kamleta mwalimu wa michezo huyu, vijana wana tamaa. Tunaomba radhi."

Nilipiga ukunga. "Ni dada yangu! Ni wa darasa letu! Mwalimu, unamjua, mwalimu, muongo!" Mwalimu mmoja akanishika sikio, akanitoa barazani nikiwa naning'inia. Mwalimu wa michezo alifungua mdomo, mwalimu mkuu akamwangalia mara moja tu, akaufunga. Simlaumu sana. Alikuwa ana miezi michache kazini, na alikuwa analia.

Dada hakulia. Tabasamu liliondoka taratibu, kama mtu anayeelezwa jambo kwa lugha ya kigeni na sasa ndiyo linamwingia. Akavua kile kitambaa cha mfungaji kifuani, akakikunja vizuri, akampa Mgeni, akanifuata nje. Alinifuta kamasi kwa pindo la sketi. "Twende nyumbani," akasema. "Ila umenisikia? Nimesoma mpaka nukta."

"Nimekusikia, dada."

Baba alikuwa amerudi zamu, anakunywa chai. Dada alipiga magoti, akamwambia, "Baba, wamesema mimi si mwanafunzi." Mimi nikamwaga yote kwa pupa, kusoma, sufuria, kitabu, mwalimu mkuu. Baba alitusikiliza hadi mwisho. Aliuliza swali moja tu, kwa dada. "Ni kweli miaka yote hii ulikuwa hujui?"

"Kweli, baba."

Hakumgombeza. Naona angemgombeza ingekuwa nafuu. Alifunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Mwalimu wa michezo alikuja kesho yake kuomba tena, kwamba atakwenda mwenyewe wilayani, ataeleza ukweli. Baba akamjibu, "Mwalimu, mkuu wako amesema mbele ya serikali kwamba mtoto si wake. Mimi mlinzi nimbishie?" Mwisho wa wiki wakaondoka kupitia Kiluvya, baba mbele, yeye nyuma na begi. Nililia hadi mama akanipiga, kisha naye akalia. Jumatatu mwalimu aliita majina, na lake hakuliita.

Nilisoma. Nimemaliza, nina kazi ya ofisini hapahapa Kibaha. Kila nilipokwenda kwa bibi nilichukua vitabu. Mara ya kwanza nilivikuta vimefunikwa vizuri kwa karatasi. Mara ya pili vilikuwa vinawashiwa moto. Bibi alifariki, dada akaolewa palepale Kisarawe, ana mihogo yake na korosho zake, na watu wanampenda kwa upole. Binti yake yuko darasa la pili.

Mwaka huu nilikwenda kuwasalimu. Tulikuwa uani tunamenya mihogo, mtoto amekaa kwenye mkeka na kitabu cha shule, kidole chini ya mstari, anakata maneno vipande. Akakwama. "Mama, hapa panasemaje?"

Dada hata hakugeuka. Alisema, bila uchungu wowote, kama mtu anayesema chumvi imeisha, "Muulize mama yako mdogo. Mie sijakanyaga shule."

Hasira zangu zile zile zikapanda. "Nani hajakanyaga shule? Mwanangu, usimsikilize. Mama yako tulisoma naye darasa moja. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko darasa zima, na alikuwa anafunga magoli mpaka watu wanahama uwanja. Na kusoma anajua! Mimi nilimsikia kwa masikio yangu!"

Mtoto akaacha kitabu. Akatutazama mmoja mmoja, macho yanamng'aa. "Kweli, mama?"

Dada aliweka kisu chini. Alinitazama kwa upole uleule, wa mtu anayemhurumia mwenzake kwa kung'ang'ania jambo.

"Mdogo wangu," akasema, "usimdanganye mtoto."